Bakuli la Sungura

Waliingia themanini na wanne, wakatoka themanini na watano.

Bi Orie, muuza tiketi wa pango la Nukisawa, alikitikisa kidude chake cha kuhesabia watu, akakipuliza kama mtu anayepoza uji, akakitazama tena. Mzee Iwakiri, msimamizi wa pango, alikuwa na kidude chake kwenye mlango wa kutokea. Kila jioni saa kumi na moja wawili hao hulinganisha hesabu kabla taa hazijazimwa, kwa sababu mgeni akisahaulika ndani ya giza lile hatatoka na akili aliyoingia nayo.

"Mzee, yule mama mjamzito umemhesabu mara mbili," Orie alisema.

"Na wewe ulisinzia. Alama ya daftari hiyo hapo shavuni mwako."

"Haidhuru. Bora amezidi mmoja, angepungua tusingelala."

Wakacheka. Fusae, mtembeza wageni, alikuwa kando yao akivua kofia ngumu ya kazi. Hakucheka. Tangu Februari alikuwa hacheki, nao walishazoea kutomngoja.

Kesho yake alitoka mmoja zaidi. Keshokutwa vilevile.

Fusae alikuwa na mtoto mmoja tu, Kazuha. Theluji ilikuwa imefika madirishani alipopata homa ya ubongo, akafa siku ya nne, ana miaka sita na miezi miwili. Baba yake alikuwa ameondoka zamani, ana mke mwingine mjini Morioka. Alikuja mazishini, akainama mbele ya picha, akarudi zake.

Alipokuwa hai, Kazuha alishushwa na basi la chekechea penye mlango wa pango kila alasiri. Nyumbani hapakuwa na mtu, kwa hiyo pango lilikuwa nyumbani. Alisimama mlangoni akapaza sauti, "Nimerudi!", kama mtoto yeyote anayefika kwao, na mama yake, popote alipokuwa huko ndani na wageni, aliitikia, "Karibu nyumbani!" Sauti mbili zilikutana katikati ya mawe. Wageni walikuwa wakipenda sana.

Mahali pake pa kukaa palikuwa ukumbi wa mwisho, kando ya kijito kinachopita chini ya ardhi. Pale zimepangwa sanamu ndogo za Jizo, mlinzi wa watoto waliokufa, zenye vitambaa vyekundu shingoni, na mbele yao wageni hupanga vijiwe. Watu wa milima ile wanaamini hivi: mtoto akitangulia wazazi wake, hukaa ukingoni mwa mto wa wafu akipanga vijiwe, kimoja cha baba, kimoja cha mama, na akikaribia kumaliza hutokea jini mwenye rungu la chuma akavibomoa vyote, mtoto akaanza upya. Kazuha alivipanga kwa kucheza tu. Fusae hakumkataza. Hilo nalo lilimkaa rohoni baadaye.

Na kuna jambo jingine. Jeneza linapotoka nyumbani, mtu wa nyumba hiyo huchukua bakuli la wali la marehemu akalivunja kizingitini. Hufanya hivyo ili anayeondoka aone kwamba chakula chake hakipo tena hapa, asigeuke njiani. Bakuli la Kazuha lilikuwa jeupe, lina sungura wa buluu anayekimbia, na pengo dogo ukingoni, pale alipozoea kuligonga kwa vijiti vya kulia akiwa na njaa.

"Usigonge bakuli," Fusae alikuwa akimkemea. "Unawaita wenye njaa wa kuzimu."

"Mwenye njaa ni mimi, mama."

Fusae hakuweza. Asubuhi ya mazishi alikwenda dukani akanunua bakuli jingine la sungura yuleyule, jipya, akalivunja hilo mbele ya majirani. Wazee walisikia mlio, wakatikisa vichwa, wakaridhika. La kweli lilikuwa kabatini, limeviringishwa kwenye taulo.

Wiki moja baadaye alilipeleka pangoni. Kwa miaka tisa alikuwa amewaambia wageni maneno yaleyale: maji haya yana chokaa, na chokaa, tone kwa tone, hugeuka jiwe, unene wa ukucha kwa miaka mia. Basi akaliweka bakuli nyuma ya Jizo wa mwisho, chini ya jiwe linalodondoka bila kukoma. Aliwaza kwamba siku moja jiwe litalifunika, na hapatakuwa na mkono wa kulivunja. Aliwaza pia, Mungu amsamehe, kwamba mtoto atapata maji ya kunywa.

Mvua za Juni zilipoanza, matone ya pangoni yaliongezeka, na ndipo ilipokuja harufu. Fusae alikuwa na kundi la wanawake wa chama cha wakulima wa matofaa. Mmoja akanyanyua pua.

"Kumbe humu mna mgahawa? Nasikia harufu ya wali."

"Njaa yako hiyo," mwenzake akamjibu. "Tangu ndani ya basi mate yanakutoka."

Walicheka wote, lakini Fusae naye aliisikia. Ilikuwa harufu ya wali uliofunuliwa sasa hivi, mvuke wake bado mzito, mahali ambapo baridi haipungui na hakuna kitu kinachonuka ila jiwe na maji. Alipofika ukumbi wa mwisho akasikia na mlio. Matone ya pangoni hayana mpango. Moja hapa, mawili kule, kimya, kisha moja. Mlio huu ulikuwa na mpango. Ting, ting, ting. Kisha ukangoja. Ting, ting, ting.

Alinyamaza katikati ya sentensi. Wanawake wa matofaa walidhani amesahau maneno.

Jioni hiyo Mzee Iwakiri alimngoja hadi Orie alipokwenda kufunga dirisha la tiketi.

"Bi Fusae, nikikwambia neno hutanicheka?"

"Sicheki siku hizi, mzee."

"Mimi si mzembe wa kuhesabu." Alikiweka kidude mezani kama kitu kinachouma. "Wageni wakiisha, unatoka wewe. Wewe sikuhesabu, u mtu wa kazi. Lakini ukishapita, nyuma yako hupita kitu, na kidole changu hubonyeza chenyewe. Kinapita hapa." Alinyoosha kiganja usawa wa kiuno chake. "Kama vile mtoto anayemfuata..."

Akakatiza. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Nisamehe, mama. Uzee huu."

Fusae aliinama, akaaga, akaenda zake kwa miguu kupitia mashamba ya mpunga. Hakuwa na hofu. Hilo ndilo lililomtesa baadaye kuliko yote, kwamba hakuwa na hofu hata kidogo. Alikuwa na furaha. Tangu siku hiyo alitoka pangoni polepole, hatua fupifupi, mkono wa kushoto umelegezwa nyuma kidogo, kwa namna mtu anavyomwachia mtoto vidole vya kushika.

Jumamosi iliyofuata waliingia mia moja na watatu. Jioni Orie na Mzee Iwakiri wakalinganisha: mia moja na watatu.

"Leo sawasawa!" Orie alipiga makofi. "Mzee, nani kakununulia miwani?"

Hakumaliza kucheka. Bibi mmoja alitoka chooni, akatazama huku na huku kwenye uwanja wa magari, akaita mara moja kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti isiyo ya kawaida.

"Sayo? Sayo! Mjukuu wangu yuko wapi? Ana koti la njano, ana miaka mitano, nilidhani katangulia na wenzake, Sayo!"

Mzee Iwakiri alikitazama kidude chake. Mia moja na watatu walitoka, na mtoto mmoja hakutoka. Rangi ilimtoka usoni, maana alielewa nani alitoka mahali pake.

Walirudi ndani watatu, yeye, Orie na Fusae, na tochi. Taa za kumbi mbili za kwanza zilikuwa zinawaka na mawe yaning'iniayo yaling'aa kama kila siku, lakini kuanzia ngazi ya chuma kwenda mbele taa zilikuwa zimezimika bila mtu kuzizima, na Fusae akatangulia kwa sababu miguu yake ilijua kila kidato, akashuka huku harufu ya wali ikizidi, tamu na nzito hadi ikamfanya mate yajae, na kijito kikivuma upande wa kulia, na nyuma yake Orie akinong'ona maneno ya sala na kuyakosea na kuyaanza upya, mpaka mwanga wa tochi ukaliangukia koti la njano.

Mtoto alikuwa amechuchumaa mbele ya Jizo wa mwisho. Alikuwa akipanga vijiwe. Midomo yake ilikuwa myeupe kwa chokaa.

"Sayo?" Fusae alinong'ona. "Mwanangu, unafanya nini gizani?"

"Nacheza na dada."

"Dada gani?"

"Huyu." Alionyesha mahali patupu kando yake. "Kanipa maji kwenye bakuli lake la sungura. Yana ladha mbaya. Dada ana njaa. Anasema mama yake hampi wali, anampa maji tu. Kila siku maji, kila siku maji."

Orie alimnyakua mtoto, akakimbia naye ngazini. Fusae alibaki amesimama. Mbele yake, katika giza ambalo tochi haikulimulika, kitu kiligonga bakuli taratibu. Ting, ting, ting.

Asubuhi ya Jumapili Orie alifika kazini macho yamevimba. Alikuwa amempigia simu bibi ya Sayo. Homa ilimpanda mtoto usiku, yuko hospitali, madaktari wanasema ni ubongo. Haamki. Kidole chake tu ndicho kinachogonga chuma cha kitanda, mara tatu, kinapumzika, mara tatu tena.

Fusae alipiga magoti pale pale kwenye sakafu ya ofisi, akawaambia habari ya bakuli.

"La dukani?" Orie alisema kwa sauti ya chini. "Bi Fusae! Nilikuwepo. Nilililia bakuli la dukani?"

"Nyamaza, Orie," Mzee Iwakiri alisema. Alitundika kibao cha kufunga pango, akachukua funguo za gari.

Ng'ambo ya mlima aliishi Bibi Tomeno, kipofu tangu utotoni, mwita wafu. Walimkuta ameketi kwenye mkeka, shanga ndefu zenye meno ya wanyama zimelala mapajani.

"Nani kaingia na viatu vyenye tope nyumbani kwangu?"

"Tumevua, bibi," Mzee Iwakiri alisema.

"Basi ni soksi zako. Mwambie mkeo azifue."

"Mke wangu alifariki, bibi."

"Najua. Nilimwita mimi. Alilalamikia soksi hizohizo." Aligeuza uso upande wa Fusae, na utani ukamtoka. "Wewe mama. Sogea. Mikono yako inanuka chokaa."

Alisugua shanga. Aliimba kwa muda mrefu, kwa lugha ya kale ya milima, sauti ikishuka hadi ikawa pumzi tu. Kisha mgongo wake ukanyooka, miguu ikajikunja kitoto, na kinywa kile kisicho na meno kikauliza, kwa sauti ambayo Fusae alikuwa hajaisikia kwa miezi minne:

"Mama, leo tunakula nini?"

Fusae alifungua mdomo. Orie akauziba kwa mkono wake.

Bibi Tomeno alitetemeka, akarudi. Aliomba chai, akanywa kwanza.

"Mtoto wako si jini," alisema. "Bado. Lakini umemweka gizani na njaa miezi minne. Anaanza kusahau. Jina lake kashalisahau, nimemuuliza hakulijua. Anachokumbuka ni wewe na bakuli. Akisahau na wewe, itabaki njaa peke yake, na hiyo ndiyo jini. Huyu mtoto mgeni ni wa kwanza tu."

"Nifanye nini, bibi?"

"Ulichopaswa kufanya. Litoe bakuli pangoni, ulibebe kwa mikono yako hadi nyumbani, kwa miguu, kabla jua halijazama. Atakufuata. Usigeuke. Usimjibu. Mlangoni atakuambia neno alilozoea kusema akifika. Usimjibu. Livunje pale pale jeneza lilipopita, naye aone, kisha vipande vyote uvitupe mtoni."

"Na nikimjibu?"

"Atakaa. Na yule wa hospitali atakuja kucheza naye." Kipofu alipapasa hadi akaupata mkono wa Fusae. "Sikia, mama. Mwezi wa nane, wafu wakija kutembelea, naye atakuja, ameshikwa mkono na bibi zake. Atakula, ataondoka nao. Hivyo ndivyo mtoto mfu anavyokuja nyumbani. Si kwa kukufuata wewe mlangoni kila jioni."

Bakuli lilikuwa limeshikwa na jiwe. Chokaa ilikuwa imelifunga kitako kwa utando mweupe, mwembamba kama ganda la yai, na Fusae alilikwangua kwa kijiko mpaka likaachia. Alimwaga maji. Orie alikuwa amempa wali wa moto kwenye kopo. Akaujaza bakulini, akaliinua bakuli kwa mikono miwili, akatoka.

Hesabu haikuchukuliwa siku hiyo. Mzee Iwakiri alisimama mlangoni, ameinamisha kichwa, na alipopita Fusae, na baada ya Fusae kupita, hakuinua uso mapema.

Mvua ilikuwa nyepesi. Njia ya kwenda nyumbani inapita kati ya mashamba ya mpunga, mwendo wa nusu saa, na vyura walikuwa wakipiga kelele pande zote mbili, ila kila alipofika walinyamaza, na hawakuanza tena mpaka kitu kingine, nyuma yake, kimeshapita pia. Alisikia ndara za majani makavu, zile alizomvalisha jenezani, sasa zimelowa, chap, chap, hatua mbili kwa kila moja yake.

"Mama, leo tunakula nini?"

Akatembea.

"Mama. Nimeuliza, leo tunakula nini?"

Mvuke wa wali ulimpanda usoni na machozi yakaangukia humo humo bakulini, akaendelea kutembea, akapita duka la mbegu, akapita daraja, akapita ukuta wa jirani alikochora Kazuha paka kwa chaki kiangazi kilichopita, na nyuma yake ndara zikaharakisha kwa sababu zimeiona nyumba, zikaruka dimbwi lile alilokuwa akiliruka siku zote, na kicheko kidogo kikatoka, kicheko cha mtoto anayejua amebakiza hatua chache afike kwao, na Fusae akauma mdomo mpaka akaonja damu, kwani hakuna jibu kinywani mwake lililowahi kungoja sana kama lile.

Alifungua mlango. Akageuka upande tu, asitazame nyuma, akasimama kizingitini.

"Nimerudi!" ilisema sauti.

Mvua ilidondoka kwenye mchirizi wa paa. Sauti ilingoja. Kisha ikarudia, kwa wasiwasi, kama mtoto anayedhani hakusikika.

"Mama, nimerudi."

Fusae aliliachia bakuli. Lakini mkono wake ulikuwa umelegea kwa huruma, likaanguka kiubavu, wali ukamwagika, nalo likabingirika juu ya jiwe la kizingiti, zima, hadi likasimama.

"Bakuli langu," ilisema sauti kwa furaha.

Ikabidi ainame. Ikabidi aliokote kwa mara ya pili, likiwa na joto, kidole chake kikiwa kwenye lile pengo la ukingoni. Akaliinua juu ya kichwa chake na kulipiga chini kwa nguvu zote alizopewa, na sungura akapasuka vipande vipande.



"Ah," ilisema sauti, kwa upole, kama mtu aliyekumbuka kitu. Chap, chap, ndara zikageuka. Hazikurudi njia ya pangoni. Zilishika njia ya chini, ilikopita gari la mazishi, na vyura wakanyamaza mmoja baada ya mwingine kuifuata, mbali, mbali zaidi, kisha wakaanza wote kwa pamoja.

Sayo aliamka saa moja jioni hiyo akaomba wali. Orie alipiga simu akilia. Fusae alisema asante, akaweka simu chini, akaendelea kuokota vipande. Alivitupa vyote mtoni kama alivyoagizwa. Hakubakisha hata kimoja.

Tangu hapo wanaoingia na wanaotoka ni sawa. Nyuma ya Jizo wa mwisho limebaki duara jeupe juu ya jiwe, na tone huangukia katikati yake mchana kutwa. Wageni huuliza hilo ni nini. Fusae huwaambia ni chokaa tu, unene wa ukucha kwa miaka mia, kisha huwaomba waangalie ngazi.

Jioni hurudi nyumbani kwa miguu. Hufungua mlango, huvua kiatu kimoja, husema, "Nimerudi." Husimama hivyo, mguu mmoja ndani ya kiatu, akisikiliza. Nyumba haimjibu. Husikiliza hadi ahakikishe kabisa kwamba haimjibu, ndipo huamini kwamba mtoto amefika kule alikokwenda, akavua na cha pili.